Asubuhi Zinakuja, Jioni Hazifiki

Msimu wa mavuno wa 2014 nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ndogo ya mradi pale Ifakara, upande wa Kibaoni. Mradi ulipima mashamba ya mpunga ya wakulima wadogo wa bonde la Kilombero. Vijana waliondoka alfajiri kwa pikipiki, wakapiga picha kila jaruba, wakahesabu masuke, wakarudi jioni wamejaa vumbi. Waliokuwa upande wa Ulanga walirudi kwa pantoni, maana daraja lilikuwa bado halijafunguliwa, na foleni ya kivukoni ndiyo iliyoamua watafika ofisini saa ngapi.

Siku ikienda vizuri walileta picha 2,400 hivi, sawa na gigabaiti 12. Aliyezipokea alikuwa mtunza takwimu wetu, mama wa makamo, mtu wa maneno machache na daftari lililopangwa. Alizitoa picha kwenye kadi za kamera akaziweka kwenye kompyuta mpakato yake, kutoka hapo akazipeleka kwenye seva ya kuhifadhia iliyokuwa chumba cha pili, akahakikisha zimefika, ndipo akafuta kadi ili vijana waondoke nazo kesho yake. Asubuhi alifanya kinyume: alizichukua picha za jana kutoka kwenye seva, akazikagua moja baada ya nyingine.

Mtandao wa ndani wa ofisi ulikuwa wa gigabiti moja. Kwa mtandao huo, gigabaiti 12 ni kazi ya dakika chache tu. Lakini usiku mmoja wa mwezi Juni nilipita ofisini saa nne nikakuta taa ya chumba chake inawaka. Amejifunga kanga hadi vifundoni kwa ajili ya mbu, amekaa mbele ya kompyuta, anaangalia mstari wa kijani usiosogea. Chini yake palisomeka kilobaiti 400 kwa sekunde. Kwa mwendo huo picha za siku moja zilihitaji zaidi ya saa nane.

"Shikamoo mama. Bado upo?"

"Marahaba mwanangu. Nipo na hizi picha. Asubuhi nikizifuata zinakuja mara moja. Jioni nikizipeleka hazifiki. Njia si ni ileile?"

"Ni ileile, mama. Kesho nitabadilisha kebo."

Nimeirudia sentensi yake mara nyingi tangu siku hiyo. Alichosema kilikuwa nusu ya jibu, na alikisema bila kuulizwa. Mimi nilisikia malalamiko tu. Nikahangaika na kebo kwa siku kumi na moja.

Kebo zenyewe zilistahili kubadilishwa, hilo sina budi kulisema. Mbili zilikuwa zimetafunwa na panya juu ya dari. Nikatengeneza vichwa vipya, nikapima nyaya zote nane, sawa. Halafu nikaishuku swichi, kwa sababu radi za masika zilikuwa zimeshatuunguzia vifaa viwili. Nikapanda basi la alfajiri kwenda Dar es Salaam kununua nyingine Kariakoo, nikapita Mikumi kwenda na Mikumi kurudi, siku mbili zimekwisha. Nikasafisha virusi. Kila nilipomaliza jambo moja nilikwenda kwenye meza ya mama, nikavuta faili kubwa kutoka kwenye seva kuja kwenye kompyuta yake, nikaliona linakuja kwa kasi, nikatangaza kwamba imepona. Jioni simu inaita.

Nilikuwa napima upande uliokuwa mzima. Ni rahisi zaidi kuvuta faili kuliko kulipeleka, kwa sababu faili la majaribio tayari lipo kwenye seva, basi mkono unakwenda huko wenyewe. Siku zote hizo sikujaribu hata mara moja kufanya kile ambacho yeye alikuwa anakifanya kila jioni.

Na gharama yake haikuishia kwenye usingizi wa mama. Siku ya tano kadi za kamera zilikuwa hazijafutwa, kwa sababu picha zilikuwa bado njiani. Vijana wakaondoka na kadi zilizojaa nusu. Ng'ambo ya mto, kwa mzee mmoja mwenye majaruba manne, kadi zikajaa kwenye jaruba la pili. Waliporudi baada ya siku tatu, mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa. Nilifuatana na msimamizi kwenda kumwomba radhi. Mzee alitukaribisha, akatupa viti, akasema kwelea walikuwa wameshaingia shamba la jirani, asingeweza kuwasubiri watu wa kamera. Majaruba yake mawili hayana kumbukumbu za msimu ule hadi leo. Nilirudi na pantoni nikiwa nimenyamaza, na usiku huo nikaacha kununua vitu nikaanza kupima.

Lazima nieleze jinsi ofisi ilivyopangwa. Hatukutaka kompyuta za watu wa shambani, zilizochomekwa kila aina ya kadi na flashi, zigusane moja kwa moja na seva ya kuhifadhia. Basi tulikuwa na mitandao miwili, na katikati tuliweka kompyuta moja kuukuu iliyofanya kazi ya ruta. Ilikuwa na kadi mbili za mtandao. Moja ilizaliwa na ubao wake, nayo ilitazama upande wa seva. Ya pili tuliinunua ikiwa imetumika, kadi nzuri iliyotoka kwenye seva kubwa ya mahali fulani, nayo ilitazama chumba cha takwimu. Kila picha ya mama ilipita hapo katikati: iliingia kwa kadi ya pili, ikatoka kwa kadi ya kwanza.

Nikachukua programu ya kupimia mwendo iitwayo iperf. Kutoka kompyuta ya mama hadi kwenye ruta: megabiti zaidi ya 900 kwa sekunde. Kutoka ruta hadi seva: zaidi ya 900. Kutoka kompyuta ya mama moja kwa moja hadi seva, kupitia ruta ileile: megabiti 3. Nikarudia nikidhani nimekosea kuandika. Megabiti 3.

Vipande viwili vya njia vilikuwa vizima, na safari nzima ilikuwa mbovu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mjomba wangu, aliyekuwa mpakuzi wa mizigo Kidatu. Pale reli mbili zinakutana bila kuungana. Ile inayotoka Kilosa, tawi la reli ya kati, ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ina upana wa milimita 1,067. Tofauti ya milimita 67 inatosha kulizuia behewa lisiendelee. Mzigo hushushwa huku ukapakiwa kule. Mjomba alikuwa akituambia utotoni kwamba mtu anaweza kulalamika Kilosa na akalalamika Mlimba, na treni zote mbili zikawa zimefika kwa saa yake, kwa sababu mzigo umelala Kidatu. Nikajiambia, basi, twende Kidatu. Nikaketi mbele ya ruta.

Programu ya kuchungulia pakiti zinavyopita inaitwa tcpdump. Nikafungua madirisha mawili, moja kwa kila kadi, nikamwomba mama apeleke picha. Kitu cha kwanza kilichonipokea kilikuwa msururu wa maonyo kwamba hesabu ya uhakiki wa pakiti si sahihi. Nikafurahi kabla ya wakati. Nikapoteza usiku mzima kwenye maonyo yale, na nalieleza hapa kwa sababu najua wapo wengine watakaopotelea palepale. Hesabu ile huandikwa kwenye kila pakiti ili mpokeaji ajue haijaharibika njiani. Zamani prosesa ya kompyuta ndiyo iliyoiandika. Siku hizi inaiachia kadi ya mtandao. Sasa tcpdump huzitazama pakiti zinazotoka kabla hazijafika kwenye kadi, kwa hiyo inaona nafasi ambayo bado haijajazwa sawasawa, inasema kuna kosa. Pakiti ikifika kwenye waya hesabu iko sawa.

Lakini upotevu ule ulinifundisha kwamba kadi ya mtandao inafanya mambo ambayo prosesa haiyaoni, na kesho yake nikatazama vizuri zaidi. Kwenye dirisha la kadi ya pili, ile ya kununuliwa, niliona urefu wa mizigo inayoingia kutoka kwa mama. Nikaandika kwa penseli kwenye karatasi: 1460. 1460. 2920. 4380. Kisha kimya. Kisha 1460 peke yake. Kwenye dirisha la kadi ya kwanza, ya kutokea, ile 1460 ilionekana. Ile 2920 haikuonekana. Wala 4380.

Nilikaa na karatasi ile nikiwa nimeinamia meza. 2920 ni 1460 mara mbili. 4380 ni mara tatu. Kompyuta ya mama haiwezi kutuma pakiti yenye baiti 4380, kwa kuwa kipimo cha Ethernet, tangu kilipowekwa miaka ya mwanzo ya 1980, ni baiti 1500 kwa pakiti moja, na ukitoa baiti 40 za anwani na maelezo unabaki na 1460 za mzigo. Kwa hiyo kuna aliyezichukua pakiti tatu halali akazifunga kuwa moja, na huyo alikuwa ndani ya ruta yangu.

Kila aliyewahi kuuza mazao katika bonde hili anaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kilemba kwa kamba na majani, linakuwa gunia moja kwa jina na gunia na nusu kwa uzito. Sheria ya vipimo inalikataza. Kadi yangu ilikuwa inafunga lumbesa.

Ilikuwa na sababu njema. Mtandao wa gigabiti moja ukijaa, pakiti zaidi ya 80,000 hupita kila sekunde. Kila pakiti ikiibishia hodi prosesa, prosesa haitafanya kazi nyingine. Basi watengenezaji wakaipa kadi adabu ya nyumbani kwetu: mgeni akifika, unampokea mzigo. Kadi inaipokea prosesa kazi ya kuandika hesabu za uhakiki, inaipokea kazi ya kukata mafungu makubwa kuwa pakiti ndogo wakati wa kutuma, na wakati wa kupokea inazikusanya pakiti ndogo zinazofuatana, inazifunga pamoja, inazipeleka ndani mara moja. Hii ya mwisho hufupishwa LRO. Kwa kompyuta ambayo ndiyo mwisho wa safari ni msaada mkubwa, na ndiyo sababu kipimo changu kutoka kwa mama hadi kwenye ruta kilikuwa kizuri namna ile: mgeni alikuwa amefika, mzigo ukapokelewa, ukaingizwa ndani.

Mgeni anayepita njia ni jambo jingine. Picha za mama hazikuwa zinakuja kwa ruta, zilikuwa zinapita. Ukishamfungia mpita njia mizigo yake mitatu kuwa mmoja, hawezi kuendelea nao, kwa sababu mlango wa kutokea una kipimo cha 1500. Na LRO ikishafunga haikumbuki tena vifungo vya awali vilikuwaje ili ivirudishe. Iko namna nyingine ya kukusanya, GRO, inayokumbuka, na inaweza kulifungua furushi tena wakati wa kutoka. Ile ya kadi yangu haikuweza. Ruta ilikuwa inapokea lumbesa, inaona haipitishiki, inaitupa.

Kompyuta ya mama ikisubiri risiti ya mzigo isiipate, inatuma tena. Safari hii, kwa tahadhari, inatuma pakiti moja. Pakiti iliyo peke yake haina ya kufungwa nayo, inapita. Risiti inarudi. Kompyuta inapata moyo, inatuma mbili, tatu, zinafungwa, zinatupwa. Kimya. Moja tena. Hizo ndizo kilobaiti 400 zilizokuwa zinamkeshesha mama yule. Na asubuhi alipozivuta picha, mzigo uliingilia kadi ya kwanza, isiyo na tabia hiyo, na kwa kadi ya pili ziliingia risiti ndogo tu. Asubuhi zinakuja, jioni hazifiki.

Tahadhari hiyo ya kupunguza mwendo mzigo unapopotea ina historia yake. Oktoba 1986, mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, majirani wasiozidi mita 400, yaliporomoka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson, aliyekuwa maabara pale, akatafuta sababu, na mwaka 1988 akachapisha njia ambazo kompyuta nyingi hadi leo zinazifuata: mzigo ukipotea, chukulia kwamba njia imejaa, punguza, kisha ongeza kidogo kidogo. Yeye na wenzake ndio pia walioandika tcpdump. Kwa hiyo chombo nilichokuwa nimekishika mkononi usiku ule na mwendo wa konokono niliokuwa nautazama vilitoka nyumba moja. Kompyuta ya mama ilitii kanuni ile ipasavyo. Iliamini njia imejaa, kumbe njia ilikuwa tupu.

Nikaiuliza kadi yenyewe kwa programu ya ethtool. Ikatoa orodha ndefu, na katikati yake mstari uliosomeka large-receive-offload: on. Nikaandika:

ethtool -K eth1 lro off

Nikamwambia mama apeleke picha za siku ile. Zilimalizika katika dakika nne. Alinyanyua macho akaniangalia, akaitazama skrini tena, akafungua kabrasha kwenye seva, akahesabu mafaili kwanza. Yalikuwa kamili. Ndipo akasema, "Haya, ahsante mwanangu," akaanza kufuta kadi.

Baadaye nilifungua kumbukumbu za matukio ya ruta nikakuta ilikuwa imeandika onyo hilohilo mara nyingi mno kwa majuma: pakiti zilizopokelewa haziwezi kupelekwa mbele LRO ikiwa imewashwa. Mfumo wa Linux kwa kawaida hujaribu kuizima wenyewe kompyuta inapofanywa ruta. Dereva ya kadi ile haikutii. Na watengenezaji wa kadi za namna ile huonya katika maelezo yao kwamba LRO haipatani na kazi ya kupitisha pakiti. Mashine ilisema, maandishi yalisema, na kabla ya vyote hivyo mama alisema.

Wako mafundi watakaokushauri uzime kila aina ya upokeaji mizigo kwenye kadi zote, umalize habari. Sikubaliani nao. Nimeona kompyuta kuukuu ikizidiwa kwa sababu fundi alizima vyote kwa hofu, na ofisi ikabadilisha ugonjwa mmoja kwa mwingine. Mimi nilizima kimoja, kwenye kadi moja, kwa sababu nilikiona kwa macho yangu kikitenda kosa. Seva ya kuhifadhia niliiacha na misaada yake yote, kwa kuwa pale mzigo ndipo unapofika.

Ningependa kusema hadithi iliishia hapo. Baada ya majuma mawili umeme ulikatika. Bonde letu lina mitambo ya Kidatu yenye megawati 204 na ya Kihansi yenye megawati 180, na bado nguzo ikianguka njiani tunakaa gizani kama wengine. Betri ya akiba ilikuwa imechoka, ruta ikazima, umeme uliporudi ikawaka. Jioni simu ikaita.

"Mwanangu, zimekwama tena."

Safari hii nilimwuliza: "Kupeleka au kuchukua, mama?"

"Kupeleka. Asubuhi nilichukua vizuri."

"Umeme ulikatika?"

"Mchana, saa nane."

Nilikuwa nimejua tatizo kabla sijavaa viatu. Amri ya ethtool inakaa kwenye kadi mpaka kompyuta izimwe, ikiwaka upya kadi inarudia tabia yake ya zamani. Nilikuwa nimeponya na sikuandika popote, si kwenye mafaili ya kuwashia ruta, si kwenye karatasi. Kama ningekuwa nimehama, fundi atakayekuja baada yangu angeanza na kebo.

Usiku ule niliiandika amri mahali ambapo ruta huisoma kila inapowaka. Niliizima ruta makusudi, nikaiwasha, nikaangalia mstari ule umebaki off, nikaizima na kuiwasha tena. Halafu nikapima kwa kupeleka, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mama, kutoka kompyuta yake, faili la gigabaiti 2, mwanzo hadi mwisho wa njia.

Kisha nikamwomba daftari lake. Nikaandika tarehe, nikachora vyumba viwili na ruta katikati, nikaweka mshale wa kupeleka na mshale wa kuchukua, nikaonyesha mshale upi uliugua na kwa nini, na nini cha kuangalia umeme ukikatika. Niliandika kwa Kiswahili cha kawaida ili asomaye asihitaji kuniita. Akalichukua, akavaa miwani, akasoma taratibu akifuata mistari kwa kidole. Aliniuliza maana ya neno moja tu, nikalifuta nikaweka jingine. Halafu akachukua kalamu yake mwenyewe, na chini ya maandishi yangu akaongeza mstari:

Kupeleka jioni, dakika nne. Nimefunga ofisi saa kumi na mbili na nusu.